Safi, Ila

Neno safi lilinichefua asubuhi ile kabla hata sijavua koti. Lilikuwa limejaa kwenye kioo cha kompyuta mezani kwangu, kijani kitupu, jina chini ya jina, watu wote waliopita kwenye sumaku, ile mashine ya kutazama ndani ya mwili, tangu geti lifunguliwe. Safi. Safi. Safi. Nje ukungu wa Lihanje ulikuwa bado umelalia mashamba ya viazi, na foleni ilishazunguka jengo.

Zamani mtu alilala ndani ya mashine ile karibu saa nzima akiambiwa asikohoe. Siku hizi anaingia, anavuta pumzi, anatoka. Kilicholeta mbio hizo kinaitwa Chapuo, akili ya kompyuta iliyofundishwa kutengeneza picha ya ndani ya mwili kwa kusikiliza kidogo tu. Wakubwa walipoona watu wanapita haraka hivyo wakatunga sheria ya Picha ya Mwaka. Bila rangi ya kijani huendeshi gari, huajiriwi, hata kanisani hawakufungishi ndoa. Na mimi, Daktari Imelda Sanga, niliyesoma mpaka macho yakaharibika ili nijue kutazama picha hizi, kazi yangu ikabaki kuangalia kijani na kubonyeza nakubali.

Mlango ukafunguka, akaingia Oliva Mligo. Nilikuwa namjua, maana hii ilikuwa mara yake ya tatu. Ni mpishi wa shule ya msingi pale mjini, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Nyuma yake aliingia mama mkwe wake, Mama Kilasi, kavaa sweta ya kwaya, na mgongoni kambeba mtoto wa Oliva. Hilo nililiona upesi. Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi, na mama yake alikuwa anatembea mikono mitupu.

"Habari yako, Oliva?"

"Nzuri, Dokta."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji toka kiganja mpaka kiwiko, nyusi moja imeungua yote, na ananiambia nzuri.

"Nzuri gani hiyo?" nikafoka. Mimi si mtu wa kununa, mimi nafoka, na wagonjwa wangu wameshanizoea.

"Nzuri, ila nilianguka tena jikoni."

"Kamwene, Dokta," Mama Kilasi alinisalimu kwa adabu zote. "Sisi hatuna mengi. Mashine imeshasema. Tunaomba cheti tu, tuondoke."

"Cheti cha kufanyia nini?"

"Wazee wa ukoo wanakaa kesho. Kama kichwa chake ni safi, basi kinachomwangusha si cha hospitali. Mtoto atakaa kwangu mpaka huyu aombewe afunguliwe."

"Mama, bado ananyonya," Oliva akasema, macho sakafuni.

"Maziwa ya ng'ombe yapo."

Ningependa kumchukia yule mama, ingenirahisishia siku. Lakini ni yeye aliyemtoa mtoto majivuni kwa mikono yake, siku Oliva alipoanguka naye. Mtu aliyeona vile ana haki ya kuogopa. Hasira yangu ikakosa pa kutua, na hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu bibi, ndipo kidole gumba cha Oliva kikaanza kucheza. Mkono wa kulia, ule mzima. Kidole kilicheza chenyewe, kikavuta kiganja, kiganja kikavuta mkono, mdomo ukaenda upande, na nikamdaka kabla kichwa hakijagonga meza. Nikamlaza kwa ubavu, nikakaa naye chini mpaka mwili ulipomwachia. Mama Kilasi alikuwa amemzungushia mtoto kifuani na kurudi nyuma mpaka ukutani, anaomba kwa sauti ndogo, mkono mmoja umemziba mtoto macho.

"Umeona mwenyewe, Dokta?"

"Nimeona. Kimeanzia kwenye kidole gumba, kikapanda. Mara zote kinaanzia hapo?"

"Mara zote," Oliva akanong'ona, ulimi mzito.

"Sasa mama, niambie, pepo gani huyo anayejua ramani ya ubongo? Kinachoanzia kidole gumba cha kulia kila siku kinatoka sehemu moja tu, upande wa kushoto, hapa. Naweza kuiwekea kidole."

Niliivuta picha yake nikaiwekea kidole kweli. Palikuwa safi. Palikuwa pasafi kupita kiasi. Picha ya kweli ina chembechembe kila mahali, ndivyo mwili unavyosikika. Pale hapakuwa na chembe hata moja, palikuwa laini kama ukuta wa nyumba kuukuu uliopigwa lipu jana. Nilitazama picha zake mbili za zamani. Lipu ile ile, mahali pale pale.

Nikaenda kwenye kabati la dawa nimchukulie vidonge vya kifafa. Kabati likasoma jina lake, likakuta kijani, likagoma. Mtu safi hapewi dawa. Nililipiga teke. Halikufunguka, na kidole changu cha mguu kikavimba siku nzima.

*

Injinia Romanus Mgaya ni mtoto wa Lihanje. Wenzake walienda kutafuta vyeo mbali, yeye akarudi na Chapuo, na hatua ya mwisho ya kuifundisha akaifanyia hapa hapa, ili ivijue vichwa vya watu wa kwao. Nilimkuta chumbani kwake anamimina chai kwenye kikombe.

"Nifungulie picha nzima," nikamwambia.

"Kamwene na wewe, dada."

"Romanus, sina muda wa salamu. Kuna mwanamke anataka kunyang'anywa mtoto kwa sababu mashine yako inasema ni mzima, na ameanguka mbele yangu sasa hivi. Nataka asikilizwe mwanzo mpaka mwisho, bila Chapuo kumjazia."

"Picha nzima ilifungwa. Unajua kwa nini. Mtu mmoja ndani, foleni yote inasimama."

Niseme hapa jambo ambalo kwenye mabango ya Picha ya Mwaka halisemwi. Ile sumaku haipigi picha. Inasikiliza. Inayatikisa maji ya mwilini kisha inayaacha, na yakiwa yanatulia yanatoa mlio. Milio minene inakupa umbo, hili fuvu, huu ubongo. Milio myembamba ndiyo inayokupa vitu vidogo, kingo, makovu, uvimbe wa ukubwa wa njegere. Kuisikiliza yote kunachukua muda, na muda ndio watu hawana. Kwa hiyo Chapuo inasikiliza ile minene, inaokota myembamba michache, halafu iliyobaki inaijaza yenyewe kwa mazoea, kwa kuwa imeshaona vichwa vingi. Sote tuna shangazi anayetumalizia sentensi. Mara nyingi anapatia, na tunacheka. Shida ni siku unayotaka kumwambia jambo ambalo hataki kulisikia.

"Haijazi ovyo," Romanus akasema. Alikuwa ameshaanza kukasirika na yeye. "Kabla ya kuja hapa ilikuwa inakosea, ndiyo. Tukaifundisha upya. Ilikuwa inatoa picha, kina Vumilia wanaitazama, wanabonyeza safi au si safi. Ikiambiwa safi, inaishika njia ile. Ikiambiwa si safi, inajirekebisha. Mwishoni walikuwa wanabonyeza safi mfululizo, mpaka raha. Uliona mwenyewe."

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa hata nimekula keki ya kuipongeza. Lakini sasa lile neno lilinikaa vibaya masikioni.

"Safi ya nini?" nikamuuliza.

"Safi ya picha. Haijatikisika, haina ukungu, inasomeka."

"Mwite Vumilia."

Vumilia ndiye anayeendesha sumaku zamu ya asubuhi, dada mmoja mchangamfu, mikono ya haraka, hajawahi kumwacha mgonjwa aogope. Alikuja anafuta mikono.

"Vumilia, ile kazi ya kubonyeza wakati wa mafunzo. Safi ulikuwa unaibonyeza lini?"

"Picha ikiwa safi, Dokta."

"Safi vipi?"

"Safi tu. Haina tatizo."

"Nilisema ukungu," Romanus akaingilia. "Nilisema mtazame kama picha ni safi."

"Ndiyo, Injinia. Ndivyo tulivyofanya."

"Ngoja," nikasema. "Ukikutana na picha haina ukungu, haijatikisika, inaonekana vizuri kabisa, ila kichwani mna uvimbe. Hiyo unabonyeza nini?"

Alitutazama kwa zamu, kama anapima ni yupi kati yetu anamtania.

"Si safi," akajibu. "Mtu ana uvimbe, Dokta, nitasemaje safi? Si nitaonekana sijaona?"

Chai ya Romanus ilikuwa inatoa mvuke mezani. Vumilia aligundua kwamba amesema kitu, ila hakujua ni kitu gani, akaanza kujitetea, kwamba wenzake wote walifanya hivyo, kwamba walikuwa makini, kwamba hakuna aliyebonyeza kwa uvivu. Nilijua. Ndicho kilichoniuma. Walikuwa makini mno. Kila Chapuo ilipochora ugonjwa vizuri, watu makini waliiambia imekosea. Na yenyewe ni tiifu. Ikajirekebisha. Ikajifunza kwamba kwetu picha inayopendwa ni ya mtu asiyeumwa, na pale penye milio ya kukisia ikawa inakisia uzima, ikapaka lipu, ikapongezwa.

"Rudi kazini, mdogo wangu," nikamwambia Vumilia. "Hujakosa." Nilitamani sana awe amekosa. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumfokea, mvivu, mlevi, mwizi, yeyote. Hakuwepo. Kulikuwa na neno moja tu, lile lile tunalolitumia kwa shati, kwa mwanafunzi aliyefaulu, kwa maji na kwa kujibu mambo, na watu wema walilielewa kila mmoja kivyake.

Mlango ulipofungwa Romanus alijifuta uso kwa viganja.

"Vikubwa inaviona," akasema. "Kiharusi, damu iliyovuja, uvimbe mkubwa. Hivyo viko kwenye milio minene, haiwezi kuvificha."

"Na vidogo?"

Akaanza kupanga karatasi mezani.

"Romanus, vidogo?"

"Mama yangu alikufa amesinzia kwenye benchi la foleni ile ya zamani, Imelda. Ulikuwepo. Watu walikuwa wanangoja toka kulima mpaka kuvuna, wengine wanaitwa majina tumeshawazika. Chapuo ndiyo imeifuta ile foleni. Ukisema mashine mbovu, itarudi. Utaua watu wengi kuliko huyo mmoja."

"Basi nioneshe kwamba nakosea. Mtu mmoja. Picha nzima. Nikikosea nitakuomba radhi mbele ya foleni yote."

Alinitazama kwa chuki kidogo. Kisha akafungua kompyuta yake, akaandika ufunguo. Nadhani alikuwa na hakika nitaomba radhi.

*

Kuiambia foleni nilikwenda mwenyewe, sikutaka Vumilia atukanwe kwa ajili yangu. Nilisema mashine itashikiliwa na mgonjwa mmoja kwa muda, wawe na subira. Mama mmoja mwenye kapu la karoti akanirukia.

"Sisi tumeshuka mlimani na ukungu, tunatetemeka hapa, nyie mnamlaza mtu mmoja? Ni ndugu yako nini?"

"Angekuwa ndugu yangu ningeshamtibu tangu mara ya kwanza!" nikamjibu, na ilikuwa kweli, na ukweli wake ukanitia aibu, nikarudi ndani nimevimba.

Oliva aliingizwa. Sumaku ikaanza kugonga kwa mtindo wake wa zamani ambao vijana wa leo hawaujui, ngo ngo ngo, kisha mlio mrefu, kisha ngo ngo ngo tena. Nje ya mlango mtoto alianza kulia, kilio cha njaa, na Mama Kilasi alikuwa anatembea naye huku na huku akimwimbia. Oliva alikuwa haruhusiwi kusogea. Kwenye kioo nilimwona machozi yanamshuka kwenda masikioni, kichwa hakitikisiki. Nilimwambia kwa kipaza sauti kwamba mtoto yupo, yuko hapa, bibi hajaondoka naye. Akafumba macho.

Picha ilijengeka polepole. Ilikuwa na chembechembe kila mahali, yenye michirizi pembeni, picha ambayo Vumilia asingeipa safi kwa maana yoyote. Na pale nilipoweka kidole asubuhi, upande wa kushoto, palikuwa na kiputo cheupe cha ukubwa wa punje ya hindi, na ndani yake doa. Chini kidogo palikuwa na kingine. Nyuma, cha tatu.

Nilivijua. Kila daktari wa nyanda hizi amevisoma. Ni watoto wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe, wamepotea njia wakajenga kichwani mwa mtu.

Romanus alikuwa amesimama nyuma yangu. Bila kuambiwa, alichukua milio ile ile, akaipunguza, akaipitisha kwenye Chapuo. Kioo cha pili kikawaka papo hapo. Picha nzuri, laini, ya kupendeza. Safi. Viputo vyote vitatu vimepigwa lipu.

"Mungu wangu," akasema.

Sikufurahi. Mtu anadhani ukishinda ubishi wa namna ile utafurahi. Nilikuwa nataka kuvunja kitu.

Nilimwita Mama Kilasi aje aone. Alitazama vile viputo muda mrefu, mtoto amesinzia begani kwa kuchoka kulia. Nilipomweleza ni nini, uso ukamkunjamana.

"Nguruwe? Huyu hali kitimoto! Sisi Wasabato, Dokta, tangu ameolewa hajaonja!"

"Mayai ya tegu yanayoleta hivi hayatoki kwenye nyama, mama. Yanatoka kwa mtu mwenye mnyoo tumboni, yanapita chooni, yanaingia kwenye maji, yanaingia kwenye mboga. Yangeweza kukupata wewe. Yangeweza kunipata mimi. Yamempata yeye, anayeosha mboga za shule nzima."

Alimwangalia mkwewe kupitia kioo cha dirisha, aliyekuwa bado amelala mle ndani na mkono wake wa bandeji.

"Yanatibika?"

"Yanatibika."

"Basi andika," akasema. "Andika kwenye cheti. Wazee hawatanisikiliza mimi. Wakiona kijani watasema nimehongwa na huruma. Andika si safi, nami nitasimama nao."

Nikakaa niandike. Cheti kikakataa.

*

"Kinahitaji idhini ya Mkurugenzi wa Mpango," Romanus akasema kwa sauti ya kuchoka. "Cheti kinachopingana na Chapuo hakitoki mpaka yeye akubali kwamba Chapuo imekosea. Na akikubali, sumaku zote zinazotumia Chapuo ya mafunzo yale zinasimama. Nyanda za juu zote. Siku hiyo hiyo. Sheria iliandikwa hivyo kuwatuliza watu."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mimi nilishiriki."

Nilicheka, kicheko kibaya.

"Nisikilize, dada," akasema, na alivuta kiti karibu kabisa. "Dawa mpe. Kabati nitalifungua mwenyewe kwa mkono. Cheti kiache kijani. Nitaifundisha Chapuo upya, kimya kimya, kwa vitufe viwili tofauti, kimoja cha picha, kimoja cha mtu. Ni kazi ya majuma, si miaka. Hakuna foleni itakayorudi, hakuna atakayekufa benchini."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuwa kwa bibi yake. Bibi anampenda, umeona. Hatakufa."

"Na waliokwisha kuambiwa safi? Wanaoanguka sasa hivi huko vijijini, wanaambiwa wanajitia, wanaambiwa wana mapepo, wanafungwa kamba? Nao wangoje majuma yako?"

"Wengine wao wataumia. Ukizima, wengine wataumia pia. Mimi nachagua wachache."

Nilitaka kumwambia ni mshenzi. Lakini alikuwa amehesabu kwa uaminifu, na alikuwa analia. Ndipo mlango wa dharura ukagongwa kwa machela.

Alikuwa mnyapara wa kiwanda cha chai, Lutengano jina lake, mtu wa miraba minne, ameletwa na wafanyakazi wake. Mdomo umeshuka upande, mkono mmoja umekufa, anataka kusema na hawezi. Mkewe alikuwa anakimbia kando ya machela amemshika kiatu. Oliva alikuwa ameshatolewa kwenye sumaku. Vumilia hakuuliza mtu, alimwingiza, Chapuo ikavuta pumzi yake moja, na picha ikaja. Bonge la damu lililoganda, kubwa, wazi, mahali pake. Nyekundu kwenye kioo. Kweli tupu. Kabla mkewe hajamaliza kulia alikuwa ameshapelekwa kwa madaktari wa mishipa, na baadaye kidogo wakatuma neno kwamba mshipa umefunguka, ameita jina la mkewe.

Yule mama alirudi kunishika mikono yote miwili. "Mungu aibariki mashine hii," akaniambia. "Mungu aibariki."

Nilimwona Romanus anavyonitazama, na nilikasirika kuliko nilivyokasirika asubuhi yote. Laiti ingekuwa mbovu moja kwa moja ningeichomoa umeme kwa mikono yangu nikalale usingizi. Lakini ilikuwa imemwokoa mtu mbele ya macho yangu, kwa haraka ile ile inayomwangamiza mwingine kwenye benchi la ukumbini.

Nikatoka ukumbini. Oliva alikuwa amekaa, blauzi imelowa maziwa kifuani. Mama Kilasi alikuwa amekaa pembeni yake, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge, ameamka tena, ananyoosha kiganja kuelekea kwa mama yake, na hakifiki. Bibi alikuwa anatazama mbele. Hakuwa mkatili. Alikuwa anangoja karatasi, kama sisi wote tulivyomfundisha kungoja.

"Habari yako sasa, Oliva?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza.

"Nzuri, Dokta," akasema. Kisha nilimwona anavyotafuta namna ya kuendelea, anavyopima kama nina muda, kama nitakasirika, kama inafaa. Hakuendelea.

Hapo ndipo niliielewa Chapuo, na nikatuelewa sisi. Haikubuni uongo wowote. Ilijifunza adabu zetu. Kwetu mtu akiulizwa habari anasema nzuri kwanza, hata akiwa anatoka kuzika, ndipo anaposema ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila nyumba imeungua. Habari yenyewe siku zote iko nyuma ya ila. Sisi tulikuwa tumeifundisha mashine ile nzuri, tukaisifu, tukaikata kauli kabla haijafika kwenye ila. Na huyu mwanamke tumemkata kauli mara tatu.

Nilimfuata Romanus chumbani. "Nampigia Mkurugenzi," nikasema. "Nitamwomba aiache kwa wagonjwa wa dharura, kwa vikubwa inavyoviona, na kila picha ioneshe pale ilipokisia. Nitamwomba sana."

"Atazima zote. Unamjua."

"Namjua."

"Na foleni ikirudi?"

"Ikirudi tutasimama nayo mlangoni, mimi na wewe, tuwaambie kwa nini. Sikatai kwamba watakuwepo watakaokufa, Romanus. Sitaweza kuwasahau. Ila huyu hapa nje anajua anaumwa, na sisi tunajua anaumwa, na unataka nimpe karatasi ya kusema haumwi. Siwezi. Sio kwa ajili ya wachache wala wengi. Siwezi."

Hakunizuia. Alisogeza kikombe cha chai iliyopoa, akanipisha mezani, na kwa sababu mlango ulikuwa wazi, Oliva na Mama Kilasi pale kwenye benchi walikuwa wanatuona.

Simu ilipokelewa mara moja. Mkurugenzi ni mtu wa bashasha, anajulikana kwa hilo.

"Dokta Sanga! Za siku nyingi! Habari za Lihanje?"

Jibu lake kila mtu analijua. Nilishamjibu hivyo mara ngapi, kwenye mikutano, kwenye korido, na mara ngapi alikuwa na haraka na ila yangu ikabaki mdomoni. Nilimtazama Oliva, nikamtazama bibi, na kile kiganja kilichokuwa bado kinanyooshwa.

"Mbaya," nikasema.

Nadhani alifikiri hakusikia vizuri, maana aliuliza tena, polepole, "Habari za huko, Dokta?"

"Mbaya, Mkurugenzi. Kaa chini nikueleze."

Na nyuma yangu, kabla hata sijaanza kueleza, nilimsikia Mama Kilasi anafungua fundo la kitenge.